Wimbo wa Mtu ni Jasho Lake

Kila wimbo uliopendwa una safari mbili. Safari ya kwanza ni ile ya kutoka kinywani mwa mtungaji mpaka masikioni mwa watu. Safari ya pili huanza pale mtu mwingine anapouchukua wimbo ule ule, akauimba kwa sauti yake, kwa ala zake na kwa wakati wake. Safari ya kwanza aghalabu haina ugomvi. Ya pili ndiyo yenye maneno, kwani hapo ndipo huzuka swali: je, huyu aliyeurudia wimbo ameurithi au ameuiba?

Swali hili si geni, lakini siku hizi lina uzito wake Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni. Abiria atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa basi hulipitia jambo hili bila ya kulitambua. Akishaivuka Tsavo, akateremka Mtito Andei kula au kusali, kisha akapita Kibwezi, Makindu na Emali mpaka Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammed wa Unguja, masikio yake hupokea magitaa ya Kikamba kutoka vibandani na madukani. Nyingine katika nyimbo hizo ni za miaka ya 1970 na 1980, ila sauti anazozisikia si za wale walioziimba mara ya kwanza. Zimeimbwa upya na vijana wenye vinanda vya umeme. Watu hucheza na kufurahi, na aghalabu mwenye kutajwa ni kijana wa juzi, si yule mzee aliyekesha akiutafuta ubeti.

Makala haya yanajaribu kulipima jambo hilo. Mizani yetu ya kwanza itatoka mbali kidogo, nayo ni nyimbo za souli za Wamarekani weusi. Tumeichagua mizani hiyo kwa sababu moja tu. Nyimbo hizo zimerudiwa mara nyingi sana, na kumbukumbu zake zimewekwa vizuri: inajulikana nani alitunga, nani alirudia, mwaka gani, na nani alilipwa. Baadaye tutarudi kwetu pwani, kisha tupande bara.

Roho ya wimbo

Neno souli maana yake ni roho. Ni muziki uliozaliwa katika miaka ya 1950 na 1960, pale waimbaji weusi wa Marekani walipozitoa sauti walizojifunza makanisani wakazipeleka katika nyimbo za mapenzi na za maisha. Mtu mmoja huongoza, wenziwe humwitikia. Kiongozi hulia, hubembeleza, hupaza sauti, na waitikiaji humshika mkono asianguke. Yeyote aliyewahi kukaa katika halaiki ya kaswida, au katika ngoma yoyote ya kwetu, hatashangaa kusikia hayo.

Wimbo unaotajwa mara nyingi zaidi kila inapozungumzwa habari ya kurudia ni "Respect". Otis Redding aliutunga na kuuimba mwaka 1965. Katika sauti yake ulikuwa ni wimbo wa mwanamume aliyechoka na kazi, anayetaka akirudi nyumbani apewe heshima yake. Mwaka 1967 Aretha Franklin, binti wa mhubiri wa Detroit, aliurudia. Hakubadilisha mengi katika maneno, lakini alibadilisha msemaji. Sasa aliyedai heshima alikuwa ni mwanamke. Akaongeza sehemu ambayo haikuwamo, ya kulitaja neno lenyewe herufi kwa herufi, na nduguze wakamwitikia kwa nyuma. Wimbo ukawa wa wanawake na wa watu weusi waliokuwa wakidai haki zao, na leo watu wengi hawajui kamwe kwamba ulianza kwa mwanamume.

Mfano wa pili utawapendeza wengi wa pwani. Wimbo "If You Don't Know Me by Now" ulitolewa mwaka 1972 na Harold Melvin na kundi lake la Blue Notes, huko Philadelphia. Mwaka 1989 kundi la Simply Red la Uingereza liliurudia, ukafika nafasi ya kwanza Marekani. Mmoja wa watungaji wake wawili ni Kenny Gamble, ambaye ni Mwislamu, na jina lake la Kiislamu ni Luqman Abdul Haqq. Waingereza wale waliuimba kwa upole zaidi, bila ya kile kilio cha Teddy Pendergrass aliyeuimba mwanzo. Wako wanaopenda ule wa kwanza na wako wanaopenda wa pili. Lakini jina la Gamble na la mwenziwe Leon Huff yalibaki mahali pake, na mrabaha ukawafuata nyumbani.

Mfano wa tatu ni wa bondia. Kabla dunia haijamjua kwa jina la Muhammad Ali, angali akiitwa Cassius Clay, kijana yule alirekodi "Stand by Me", wimbo ambao Ben E. King aliutoa mwaka 1961. Tuseme kweli: mikono yake ilikuwa na ufundi kuliko koo lake. Wimbo ule unapendwa kwa sababu ya mwimbaji, si kwa sababu ya uimbaji. Nao watufunza kwamba kuurudia wimbo kwa ajili ya kutumia umaarufu wake tu, bila ya kuuongezea chochote, hakuudhuru wimbo, lakini hakuusaidii pia.

Kutokana na mifano hii mitatu tunaweza kuchota kanuni. Kurudia kuzuri ni kule ambako mrudiaji ametia kitu cha kwake, hata msikilizaji akauona wimbo wa zamani upande ambao hakuwahi kuuona. Na kurudia kwa haki ni kule ambako mtungaji hakupotea njiani. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Wimbo waweza kurudiwa vizuri na bado mtu akadhulumiwa. Aretha Franklin mwenyewe ni ushahidi wa dhuluma ya upande wa pili: kwa desturi na sheria za Marekani, redio za kawaida humlipa mtungaji, hazimlipi mwimbaji. Kwa hiyo kila redio ilipopiga "Respect" ya Aretha, fedha zilikwenda kwa upande wa Otis Redding, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwezi Desemba 1967, na baada yake kwa warithi wake. Mwimbaji aliyeufanya wimbo ujulikane dunia nzima hakupata cha redio. Hata palipo na sheria, basi, mizani haisimami sawa sawa.

Pwani twalijua jambo hili zamani

Asidhani msomaji kwamba kanuni hizo zimetoka Detroit na Philadelphia. Washairi wa pwani walizijua kabla ya santuri kuzaliwa, nao walizipa jina. Jina hilo ni takhmisi.

Mwenye kutunga takhmisi huchukua shairi la mtu aliyemtangulia, akaacha mistari ya asili ilivyo, kisha akaongeza mitatu ya kwake juu ya miwili ya mwenyewe, ubeti ukawa wa mistari mitano. Mashuhuri kwetu ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetuachia Al-Inkishafi. Tazama hekima ya wazee. Sayyid Abdallah hakuyaficha maneno ya Fumo Liyongo ndani ya maneno yake. Hakuyakata wala hakuyapaka rangi. Aliyaweka wazi, akajenga kando yake, na jina la Liyongo likabaki katika jina la kazi yenyewe. Asomaye leo hupata washairi wawili kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyemla mwenziwe.

Kadhalika Hamziya. Sayyid Aidarus bin Athman aliitia Kiswahili kasida ya Imam al-Busiri karne kadhaa zilizopita, na mpaka leo hakuna aisomaye akadhani kwamba al-Busiri hakuwapo.

Tukija karibu zaidi, tumkumbuke marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanajua kwamba nyingi katika tuni zake zilitoka katika filamu za Kihindi. Wako waliomlaumu kwa hilo wakati wote wa uhai wake. Lakini maneno aliyoyaimba yalikuwa ni mashairi ya Kiswahili safi, mengi yake yakiwa ni kazi ya Ustadh Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Harusi ya Mombasa iliyomsikia Bhalo haikudhani kwamba iko Bombay. Tuni ilikuwa ni ya kuazima, roho ilikuwa ni ya Mji wa Kale. Hapa kanuni ya kwanza ilitimia kikamilifu. Ya pili haikutimia vivyo hivyo, kwani watungaji wa tuni zile kule India hawakutajwa harusini wala hawakupata senti. Ni vyema tulikubali hilo kabla hatujaanza kuwanyoshea kidole ndugu zetu wa bara.

Na souli yenyewe ilifika kwetu. Katika miaka ya 1970 kijana wa Mombasa, Slim Ali, pamoja na bendi ya Hodi Boys, aliimba souli kwa Kiingereza, na wengi waliomsikia kwa mara ya kwanza walimdhania Mmarekani. Kwa hiyo pwani imekaa pande zote mbili: tumeazima na tumeazimwa. "Malaika" ya Fadhili William, mzaliwa wa Taita, jirani kabisa na Makueni, iliimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa na Boney M mwaka 1981, ikaimbwa na wengine wasiohesabika, huku ubishi wa nani hasa aliitunga ukiendelea kati yake na Adam Salim, aliyedai kwamba ni yake tangu miaka ya 1940. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki hai. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ilichukuliwa na Boney M hao hao mwaka 1983. Hata "Helule Helule" ya Daudi Kabaka ilirudiwa na vijana wa Kiingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Mtu wa pwani au wa bara akilalamika kwamba wageni wamekula nyimbo zetu, ana haki. Lakini malalamiko hayo yatakuwa na nguvu zaidi iwapo sisi wenyewe hatulani.

Kutoka ngui mpaka gita

Sasa tupande bara. Kati ya pwani na Kitui mna njia ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, na mfanyabiashara Kivoi wa Kitui alijulikana mpaka pwani. Wafanyabiashara wa Kiswahili nao walipanda, na baadhi ya familia za Waislamu wa mji wa Kitui zina asili yao katika safari hizo. Hatuzungumzii watu wa mbali.

Mkamba vilevile ni fundi wa kupokea kitu na kukifanya chake. Ule uchongaji wa vinyago unaowapa riziki mafundi wa chama cha Akamba Handicraft pale Changamwe haukuwa wa Ukambani tangu azali kwa namna tunayoijua. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, njiani kuelekea Kitui, alijifunza ufundi huo kwa wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nao nyumbani. Wenziwe wakaufuata, wakauongezea twiga na ndovu wao, na leo dunia nzima huuita uchongaji wa Wakamba. Hiyo nayo ni takhmisi, ingawa ni ya mti.

Katika ngoma za asili za Ukambani, kiongozi wa wimbo huitwa ngui. Ngui hutunga, huanza, na kundi humwitikia. Zipo ngoma za kucheza vijana na ipo kilumi, ngoma nzito ya wanawake na ngoma ndefu, inayochezwa kwa ajili ya uganga na mvua. Wimbo wa ngui mmoja ukipendeza, haukukaa kijijini kwake. Ulichukuliwa kilima cha pili, maneno yakageuzwa, majina ya watu yakabadilishwa, ukachezwa huko. Hakuna aliyeitwa mwizi. Sababu yake ni rahisi, nayo ndiyo shina la makala haya: uwanjani ngui alikuwa amesimama mbele ya watu. Kila mtu alimwona, na waliochukua wimbo walijua wameuchukua kwa nani. Sifa ndiyo iliyokuwa ujira wake, na sifa haikuweza kutenganishwa na mtu.

Kisha likaja gita. Katika miaka ya 1970 bendi za Kikamba zilizaliwa kwa wingi: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Ngoleni Brothers, Kalambya Boys, na Lower Mbooni Boys, ambayo jina lake ni la milima ya Mbooni huko Makueni. Muziki wao ni ndugu wa benga ya Waluo, lakini una alama yake: gita hufuma nyuzi moja moja kwa haraka nyuma ya sauti, kama mtu anayesuka mkeka huku akisimulia. Kakai Kilonzo alifanya jambo jingine la busara. Mbali na Kikamba, aliimba Kiswahili, na kwa hivyo akasikika Mombasa, Kisumu na kwingineko. Alifariki mwaka 1987, angali kijana.

Katika miaka ya 1980 wakaja Kalambya Sisters, wakipigiwa na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Sauti zao nyembamba za juu zilipasua redio, na wimbo wao "Katelina" ukawa maarufu nchi nzima, hata ukavuka mpaka Ulaya. Ni kisa cha mwanamke apendaye pombe ya kienyeji, naye huzaa mwaka hata mwaka. Mtu wa pwani aliyelelewa kwa maadili ya dini atasema wimbo kama huu haumfai. Lakini auangalie tena. Ndani ya kicheko chake mna miiba: kina dada wanaimba wakicheka, na anayesikiliza vizuri huona maisha ya mwanamke yanavyoharibika. Hapa ndipo unapopimwa urudiaji wa leo. Anayeuchukua wimbo huo akabakiza mdundo na kicheko, akaiacha ile miiba, amerudia nusu ya wimbo. Ni sawa na mtu kuichukua "Respect" akaitoa heshima.

Jina lilipopotelea

Santuri ilikuwa na karatasi katikati, na juu ya karatasi ile paliandikwa jina la wimbo, la bendi na la mtungaji. Mara nyingi mwanamuziki alilipwa fedha taslimu mara moja, akaenda zake, na kampuni ikauza ilivyouza. Ilikuwa ni dhuluma, lakini angalau jina lilibaki juu ya sahani. Kanda zilipokuja, za kunakiliwa barabarani, karatasi ikawa ni ya kuandikwa kwa kalamu, na jina la mtungaji likawa la kwanza kuachwa. Leo wimbo unapita kutoka simu hadi simu. Hauna karatasi kabisa. Mpiga kinanda wa harusi huko Wote au Mwingi huunganisha nyimbo tano za watu watano kwa mdundo mmoja, akazicheza nusu saa bila ya kukata, na kesho kutwa mchanganyiko ule unatembea kwa jina lake.

Ukimuuliza, huenda asione ubaya. Atakwambia ngui nao walikuwa wakichukuliana. Jibu lake lina ukweli, lakini amesahau kitu kimoja. Ngui aliyechukuliwa wimbo wake alikuwa hai machoni pa watu. Mtungaji wa santuri ya 1978 hayupo uwanjani. Pengine amefariki, pengine ni mzee anayechunga mbuzi wake na kusikia wimbo wake katika redio ya jirani. Mila ya kuazimana imebaki, lakini ule ujira wa sifa ulioifanya mila hiyo iwe ya haki umeondoka. Hakuna aliyekaa baraza akaamua kuwadhulumu wazee hawa. Mashine ndizo zilizobadilika, na jina likadondoka katikati ya njia.

Sheria inasema nini? Sheria ya Haki Miliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sahani iliyorekodiwa, nayo, hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hesabu hizi mbili ni muhimu zisichanganywe. Sahani ya mwaka 1974 ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa 2024, na kila mwaka unaopita fungu jingine la santuri za Ukambani linatoka mikononi mwa wenyewe. Lakini tungo iliyomo ndani ya sahani bado ina mwenyewe. Tungo za Kakai Kilonzo, kwa kuwa alifariki mwaka 1987, zitalindwa mpaka mwisho wa 2037. Kwa hiyo yule anayesema "ni wimbo wa zamani, hauna mtu" anasema asilolijua. Familia za watungaji zina haki, ila nyingi hazina karatasi za kuithibitisha.

Na wakusanyaji wa mirabaha nao wana misukosuko yao. Mwaka 2017 Bodi ya Haki Miliki iliinyima leseni MCSK, chama cha tangu mwaka 1983, ikakipa chama kingine, na mambo yakafika mahakamani. Tangu hapo leseni zimekuwa zikipokonywa, kurudishwa na kubishaniwa zaidi ya mara moja. Wakubwa wanapogombania ufunguo wa sanduku, mjane wa mpiga gita huko Mbooni haoni kitu.

Nyimbo zisizo na mtungaji anayejulikana, kama zile za kilumi, zina sheria yake: Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Utamaduni ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la mambo ya jadi ya watu wao na kuyalinda. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ina watu zaidi ya milioni moja na laki moja, na Makueni inakaribia milioni moja. Watu wengi kiasi hicho hawakosi wazee wa kuandikisha nyimbo zao. Mzee anapokufa na nyimbo hazijaandikwa, hakuna mahakama inayoweza kuzirudisha.

Linatuhusu nini?

Huenda ndugu msomaji akauliza: sisi Waislamu wa pwani tuna habari gani na magitaa ya Makueni? Wengine tunaamini kwamba ala hazifai kabisa. Wengine wana rai nyingine. Mjadala huo ni wa masheikh, wala ukurasa huu hautaki kutoa fatwa. Lakini liko jambo ambalo rai zote zinakubaliana: haki ya mja haiondoki kwa kuwa wewe huipendi kazi yake. Kila mmoja wetu amefunzwa chuoni kwamba kibarua alipwe kabla ya jasho lake kukauka. Hatukuambiwa tuangalie kwanza kama tunaipenda kazi aliyoifanya.

Tena ugonjwa huu haupo bara peke yake. Kaswida zetu zinachukuliwa, tuni za maulidi zinarekodiwa na kuuzwa, mashairi ya taarabu yanaimbwa na wasiojua hata jina la malenga aliyeyatunga. Mtungaji wa Lamu na mtungaji wa Kitui wamepanda jahazi moja.

Upo upande wa pili, nao tuutaje kwa insafu. Bila ya vijana wanaorudia, nyimbo nyingi za miaka ile zingekuwa zimekufa. Kijana wa miaka 20 huko Kibwezi hana mashine ya santuri. Kama anamjua Kakai, amemjua kwa kupitia kinanda cha harusi. Fundi Konde wa Kilifi alisahaulika kwa miaka mingi mpaka Them Mushrooms waliporekodi naye upya nyimbo zake katika miaka ya 1990, yeye mwenyewe akiwapo na jina lake likiwa mbele. Alifariki mwaka 2000 akiwa amesikiwa na kizazi kipya. Huo ndio mfano wa kufuatwa: mzee alipata heshima yake, vijana walipata nyimbo, na wasikilizaji walipata vyote viwili. Kwa hiyo dawa si kuwakataza vijana kurudia. Mwenye kukataza kurudia ataua mila ya ngui na mila ya takhmisi kwa pamoja.

Dawa ni kulirudisha jina mahali pake. Mtangazaji wa redio, iwe ni Musyi FM kwa Kikamba au redio zetu za pwani, haimgharimu kitu kusema: wimbo huu umeimbwa na fulani, na ulitungwa na fulani. Mpiga kinanda wa harusi aweza kuitaja orodha yake kabla hajaanza. Anayeuweka wimbo katika simu aandike majina mawili badala ya moja. Kaunti zifungue daftari zao kama sheria ilivyozitaka. Jina likiwapo, mrabaha una pa kuufuata. Jina likikosekana, hata sheria nzuri kuliko zote haitajua ikabishe hodi nyumba ipi.

Otis Redding alichukuliwa wimbo wake na mwanamke aliyeuimba vizuri kuliko yeye, lakini hakupoteza jina wala haki. Fumo Liyongo amechukuliwa beti zake kwa karne nyingi, na bado ni Liyongo. Wazee wa magitaa wa Kitui na Makueni hawaombi zaidi ya hayo. Anayeuimba wimbo wao usiku wa leo na auimbe kwa raha zake, auongeze, augeuze, ila kabla ya kuugusa waya wa kwanza aseme ni wa nani.